Kutoka mpango wa mtaa hadi kazi ya mtaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Dar es Salaam

Maswali haya ndiyo ninayoulizwa zaidi na kamati za mitaa, vikoba, vikundi vya vijana na majirani wa kawaida wanaotaka kufanya jambo kwenye eneo lao. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu tukiwa tumekaa kwenye mabenchi ya ofisi ya serikali ya mtaa. Majibu mengine ni marefu kwa sababu hapo ndipo watu wengi hukwama.

Tulikutana, tukakubaliana, watu wakapiga makofi. Mbona miezi inapita na hakuna kinachofanyika?

Fungueni muhtasari wa mkutano muusome. Mara nyingi mtakuta maneno kama "ilikubalika mtaro uzibuliwe" au "kamati ifuatilie suala la taa". Nani azibue? Afuatilie kwa nani, siku gani? Mkutano umefungwa kwa dua, watu wamepanda daladala, na Jumatatu asubuhi hakuna hata mmoja anayeamka akijua kwamba kazi ile ni yake.

Wengi husema tatizo ni hela. Hela ni tatizo kweli, lakini kwa mitaa mingi niliyokaa nayo huwa ni la pili. La kwanza ni kwamba azimio halina mwenyewe. Kwa hiyo msifunge mkutano mpaka kila azimio lipate vitu vitatu: jina la mtu mmoja, tarehe, na hatua ya kwanza inayoweza kumalizika ndani ya wiki. Mtu mmoja maana yake mtu mmoja. "Kamati" haina miguu ya kwenda ofisini, na "vijana" hawana simu ya kupigiwa.

Badala ya "kamati ifuatilie mtaro", andikeni hivi: "Katibu atapeleka barua ofisi ya mtendaji wa kata Jumanne, atarudi na nakala yenye muhuri, na Jumapili saa kumi jioni atatoa taarifa hapa hapa." Aliyetajwa aseme kwa mdomo wake, mbele za watu, kwamba amekubali. Asiyehudhuria asipangiwe kazi. Ni jambo linalofanywa sana, "huyo hayupo, mpeni yeye", na kazi za namna hiyo hazifanyiki kamwe.

Tuna orodha ya mambo kumi na mawili. Tuanze na lipi?

Anzeni na lile linaloweza kumalizika kabla ya mvua zinazofuata. Dar es Salaam tuna masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, na mtaa wenye matatizo ya maji hupangiwa ratiba na mvua hata usipotaka. Barabara ya lami, zahanati na shule ni mambo ya halali kabisa kuyadai, ila mkianza nayo mtasubiri miaka, na watu wakishachoka kusubiri hawarudi mkutanoni.

Tuseme mmechagua mtaro wa maji ya mvua unaopita nyuma ya nyumba. Tembeeni wote kuanzia juu mpaka unapomwagia. Pimeni kwa kamba yenye mafundo kila mita moja. Andikeni palipozibwa na viroba vya taka, palipojengwa ukuta juu ya njia ya maji, na palipobomoka kingo. Mkikuta una mita 120 na nyumba zinazopakana nao ni 30, kila nyumba ina mita 4. Chorea alama za chokaa kwenye kila mpaka. Kuanzia hapo hakuna tena mtaro wa mita 120 unaotisha. Kuna mita 4 za Mama fulani na mita 4 za Mzee fulani, na kila apitaye anaona zipi zimesafishwa na zipi bado. Mita za nyumba ya mgonjwa au ya kikongwe zigawiwe vijana mapema, kabla watu hawajaanza kunung'unika.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo tayari ni siku ya usafi nchini, inafaa sana kwa kazi ya namna hii. Maduka hufunguliwa baadaye siku hiyo na watu wamezoea kuona mafagio na makoleo nje.

Tuanzie kwa nani: mjumbe, mwenyekiti, mtendaji au diwani?

Hapa watu huchanganya, na kuchanganya kunapoteza wiki nyingi. Balozi au mjumbe wa shina, yule wa nyumba kumi, ni kiongozi wa chama. Anajua kila mlango na anaweza kuwaita watu haraka, kwa hiyo mshirikisheni, lakini barua yake haifungui mlango wa halmashauri. Mwenyekiti wa mtaa amechaguliwa na wakazi wote. Uchaguzi wa mwisho wa serikali za mitaa ulikuwa tarehe 27 Novemba 2024. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa, ndiye anayetunza kumbukumbu. Juu yao kuna kata, yenye diwani na mtendaji wa kata, na Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake. Baada ya kata ni halmashauri yenyewe. Kwa mkoa wetu ni Jiji la Dar es Salaam, yaani iliyokuwa Manispaa ya Ilala mpaka 2021, pamoja na manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni.

Anzeni kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa kwa pamoja, siku moja, kwenye meza moja. Mkienda kwa mmoja peke yake, mwingine atasikia mtaani na atajiona amerukwa.

Kisha kuna taasisi ambazo haziko chini ya mtaa wala kata. Barabara za mitaa na mitaro yake ni za TARURA tangu 2017. Barabara kuu ni za TANROADS. Mabomba ya maji na majitaka ni ya DAWASA, nguzo ni za TANESCO. Msichimbe kando ya barabara kabla ya kumuuliza mtendaji na mwenye miundombinu, kwa sababu sururu moja ikipasua bomba, mtaa mzima utalala bila maji na kazi yenu itakumbukwa kwa hilo.

Lazima tusajili kikundi?

Kwa kuzibua mtaro, hapana. Muhtasari wa mkutano wa mtaa unatosha. Mkitaka kufungua akaunti ya benki, kuomba mkopo wa halmashauri au kuingia mkataba wa kuzoa taka, sajilini. Vikundi vya kijamii husajiliwa halmashauri kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata. Vikoba vinavyowekeza na kukopeshana viko chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, navyo husajiliwa huko huko halmashauri. Katiba ya kikundi iandikeni wenyewe. Ile ya kunakili stationari ina vifungu ambavyo hakuna mwanachama aliyewahi kuvisoma.

Sisi ni wapangaji. Hili linatuhusu?

Linawahusu sana, na mitaa mingi inawakosea. Kuna nyumba zina vyumba sita na familia sita, ila mwenye nyumba anaishi Mbezi au Morogoro, naye ndiye anayetumiwa ujumbe wa mkutano. Maji yakiingia usiku yanaingia kwenye godoro la mpangaji. Taka zinazoziba mtaro zinatoka kwa mpangaji, na nguvu za kuuzibua nazo ziko kwake.

Mkazi wa mtaa ana haki ya kuhudhuria mkutano wa mtaa na kusema, awe na hati ya nyumba au asiwe nayo. Kwa hiyo viongozi, pigeni hodi chumba kwa chumba. Gawanyeni mchango mara mbili: kazi ya mikono na usafi wa kila wiki ni vya wanaoishi hapo, saruji, nondo na vifuniko vya zege ni vya mwenye nyumba, kwa kuwa hivyo vinaongeza thamani ya mali yake. Nimeona wapangaji wakikataa katakata kuchangia saruji, nao walikuwa na hoja: nyumba ikipendeza, kodi inapanda. Zungumzeni hilo waziwazi mbele ya wenye nyumba kabla ya kuanza kukusanya chochote.

Watu hawatoi michango. Tufanyeje?

Jiulizeni kwanza mara ya mwisho mlipochangisha, mlirudisha taarifa lini. Dar es Salaam watu wanachanga kila wiki: msiba, harusi, mgonjwa, ujenzi wa msikiti au kanisa. Hawana uchoyo. Wanachoogopa ni hela inayoingia mahali na kutoonekana tena, na hofu hiyo wamefundishwa na waliowatangulia ninyi.

Yako mambo matatu yanayosaidia. La kwanza, msichangishe kiwango cha jumla jamani. Tajeni vitu: mifuko ya saruji mingapi, tripu ngapi za mchanga, kokoto kiasi gani, fundi siku ngapi. Mtu akisikia "elfu kumi ya maendeleo" anakunja uso. Akisikia "tumebakiza mifuko minne ya saruji kufunika pale watoto wanapopita kwenda shule", anauliza duka gani alipie.

La pili, hesabuni kazi kama mchango. Hapa jiji lina historia yake. Hanna Nassif, Kinondoni, miaka ya 1990, wakazi walijenga mitaro na barabara za eneo lao kwa kazi ya mikono, kwa msaada wa mashirika ya kimataifa likiwemo Shirika la Kazi Duniani, na chama chao wenyewe kikaingia mkataba wa kufanya kazi badala ya kumwachia kila kitu mkandarasi wa nje. Wanawake walikuwa miongoni mwa waliofanya kazi hizo na kulipwa. Nguvu ya mtu ina bei, na ikiandikwa kwenye daftari la michango, asiyekuwa na hela anasimama sawa na aliyetoa saruji. Ila tahadhari: siku ya kazi, mama ntilie na fundi baiskeli wanapoteza riziki ya siku nzima. Pangeni zamu fupi za alfajiri, saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, msiwafungie watu hadi mchana.

La tatu, mchango wa hiari uwe wa hiari kweli. Kumnyima mtu barua ya utambulisho kwa sababu hajachangia mtaro ni kosa, na kunawachukiza hata waliokwisha kutoa.

Hela ashike nani?

Asishike mtu mmoja. Vikoba vimetufundisha jambo zuri hapa: sanduku moja, makufuli matatu, funguo kwa watu watatu wa nyumba tofauti, na linafunguliwa mbele ya wote. Mkitumia simu, tumieni akaunti ya kikundi inayohitaji zaidi ya mtu mmoja kuidhinisha, wala msikusanye kwenye namba binafsi ya katibu, hata awe mwadilifu kiasi gani. Akiugua au simu ikipotea, mtaanza kumshuku mtu asiye na kosa.

Bandikeni karatasi mbili kwenye ubao wa ofisi ya mtaa: zilizoingia na zilizotoka, pamoja na nakala za risiti. Mtu akiuliza, msimjibu "unatushuku?" Mwonesheni.

Halmashauri itatusaidia?

Ikiwakuta mmeanza, mara nyingi ndiyo. Katiba ya nchi, ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 tumekuwa na mfumo wa kupanga kuanzia chini, Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Ulipoboreshwa ulisisitiza jitihada za wananchi wenyewe zianze, na serikali iongezee pale nguvu zao zinapoishia. Afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu anaujua, mkumbusheni kwa jina hilo.

Kinachowaangusha wengi ni kalenda. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili, na kabla ya hapo halmashauri imeshafunga makadirio yake. Ombi linalopelekwa Mei, mafuriko yakiwa yameshapita na watu wana hasira, limechelewa mwaka mzima. Pelekeni kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata kati ya Oktoba na Novemba, likiwa na vipimo, picha, orodha ya nyumba zinazoathirika na mlichokwisha kufanya wenyewe. Wekeni nakala yenye muhuri. Mkirudi mwaka unaofuata na nakala ile, mnaongea na ofisa kwa ujasiri mwingine kabisa.

Kuhusu ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani (wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2): haina riba, ilisitishwa 2023 na kurejeshwa 2024, na ni kwa ajili ya shughuli za uzalishaji, kwa hiyo haitajenga mtaro wenu. Lakini vijana wanaotaka guta la kuzolea taka wanaweza kuiomba, na mtaa wenye taka zinazoondoka kila wiki hauzibi mitaro. Mambo haya mawili yaunganisheni tangu kwenye mpango.

Tunahitaji mtaalamu wa ramani?

Mnahitaji ramani. Mtaalamu anaweza kuja baadaye. Tandale ilichorwa mwaka 2011 na wanafunzi wa vyuo wakishirikiana na wakazi, na kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria ukafanya hivyo kwenye kata nyingi zinazokumbwa na mafuriko, ikawekwa mitaro, vyoo, njia na visima kwenye ramani ya wazi ya OpenStreetMap. Ingieni kwenye simu mtazame kata yenu, huenda kazi kubwa imeshafanyika. Ichapisheni kwenye karatasi kubwa, ibandikeni ukutani, mwite watu waseme maji huanzia wapi. Wanawake na watoto wanaoteka maji na kupita uchochoroni kila siku watasahihisha mambo ambayo kamati haikuyajua.

Mtaro wetu unamwaga maji kwa mtaa wa jirani. Wanatutisha kutushitaki.

Wana haki ya kukasirika. Hili ndilo swali ninalotaka kila mtaa ujiulize kabla ya kushika koleo, kwa sababu maji hayajui mpaka wa kata. Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, na kuingia baharini karibu na daraja la Selander. Kila mtaa wa juu unaoharakisha maji yake bila kufikiri unamwongezea mtu wa bondeni. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Waliozama hawakuwa wenye kosa la kuziba mitaro huko juu.

Kwa hiyo kabla ya kuchimba, wafuateni. Nendeni viongozi wawili, mwanamke na mwanamume, si umati, mkiwa na ramani yenu. Msiende kuomba ruhusa tu; waulizeni: "Ndugu zetu, maji yakija kwenu huwa yanakwama wapi?" Mara nyingi kuna karavati moja chini ya barabara, dogo au lililojaa mchanga, linalowatesa wote wawili. Andikeni barua moja kwenda TARURA, mihuri ya mitaa miwili, sahihi za wenyeviti wawili. Kisha pangeni siku moja ya kazi: ninyi mnashuka, wao wanapanda, mnakutana kwenye karavati. Na kazi ianzie chini. Mkizibua juu wakati chini pamefungwa, mvua ya kwanza tu italeta ugomvi ambao kamati hamtaumaliza kwa mwaka mzima.

Nyumba zetu ziko bondeni kabisa, ndani ya mita 60 za mto. Kuna maana kupanga chochote?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mto, na siwezi kuwaambia mtaro utaibadilisha. Msiweke hela kwenye zege hapo. Kuna kazi nyingine ya kufanya pamoja: tahadhari ya mvua (mtu mmoja afuatilie taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, na awe na filimbi ya kuamsha watu usiku), orodha ya wazee na walemavu wa kubebwa, na kumbukumbu sahihi za nani anaishi wapi, wapangaji wakiwemo, ili siku ya kuhamishwa au kulipwa fidia asisahaulike mtu.

Wapangaji na wenye vibanda waliohamishwa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari wana la kutufundisha. Kupitia Shirikisho la Watu Maskini Mijini walikusanya akiba kidogo kidogo, wakanunua ekari 30 Chamazi na kuanza kujenga. Haikuwa rahisi, ilichukua miaka, lakini walikuwa na akiba na orodha yao kabla tingatinga halijafika.

Kundi la WhatsApp lina watu mia mbili, siku ya kazi wanakuja tisa.

Anzeni na hao tisa, kwa wakati uliotangazwa, dakika ile ile. Pigeni picha ya mahali palivyokuwa na palivyo sasa, itumeni kwenye kundi saa hiyo hiyo na majina ya waliokuja. Msiwataje wasiokuja. Wiki inayofuata mpigieni simu kila mmoja wa wale mnaowataka. Tangazo la kundi halimwamshi mtu, simu inamwamsha.

Siasa zimeingia. Wa chama hiki wanasema mradi ni wa chama kile.

Ondoeni sare, bendera na hotuba siku ya kazi. Kiongozi yeyote akaribishwe, apewe koleo kama wengine.

Kazi ikiisha, kamati ivunjwe?

Isivunjwe. Ipunguzwe. Mtaro wa Dar hujaa mchanga hata usipotupiwa taka, hasa mitaa ya mteremko isiyo na lami. Wabaki watu watatu, wenye daftari la mita 4 za kila nyumba. Wiki ya mwisho ya Februari na wiki ya mwisho ya Septemba wapite na kijiti kilichochorwa alama, wakipime kina cha mchanga kwenye kila sehemu, waandike tarehe na sentimita. Mpangaji akihama, jina lake lifutwe na la aliyehamia liandikwe siku hiyo hiyo, naye aonyeshwe mita zake kabla hajamaliza kupanga vyombo.